Mkaja wa Mama Zaituni

Msibani hakukosi mtu wa kusema lisilotakiwa kusemwa. Tulikuwa tumeketi mkekani katika nyumba moja ya Kasingirima, wanawake watupu, tunangoja wanaume warudi kutoka makaburini, na mazungumzo yalikuwa yameshamwacha marehemu yakafika kwenye harusi za watu. Hapo mama mmoja ambaye ningeweza kumzaa akajitengeneza kanga yake vizuri, akasema, "Mungu amrehemu Bi Tatu, lakini alikuwa mtu wa kesi yule. Alimshitaki wifi yake kwa ajili ya kitenge." Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachopitia puani. Mimi sikucheka. Nimestaafu ualimu, miguu yangu ni mibovu lakini ulimi ni mzima. Nikamwambia, "Mwanangu, kesi ile niliiona kwa macho yangu, na haikuwa ya kitenge." Akanitazama kama mtu anayemtazama bibi aliyeanza kuchanganyikiwa. Kwa kuwa pale hapakuwa mahali pa kubishana, nilimalizia chai yangu. Lakini tangu siku hiyo mwaka ule wote umenirudia, na naona nisipousimulia mimi, utabaki kuwa mwaka wa kitenge.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, nikaletwa Ujiji kumsaidia mama mkubwa kwenye hoteli yake. Ukisikia hoteli usifikirie ghorofa. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo iliyopakwa chokaa, mbele ukumbi wenye meza na mabenchi, nyuma ua wenye jiko la kuni, na pembeni vyumba vichache vya vitanda vya kamba ambavyo Mama Mkubwa alimkodisha yeyote aliyekubali kunawa miguu kabla ya kulala. Bahati yake, au ujanja wake, ni kwamba nyumba ilitazamana na mahakama ya mwanzo. Ukikaa benchi la dirishani unamwona hakimu akipangusa miwani yake. Watu wenye mashauri walikula kwetu, na shauri likiahirishwa walilala kwetu, wakaamka wakala tena. Mama Mkubwa aliwaita wageni wa serikali, na alikuwa amewatungia sheria zake. Mwenye kesi leo hupakuliwa kwanza. Haruhusiwi mtu kumuuliza kama atashinda. Na anayeshitaki na anayeshitakiwa wakikutana mezani kwake, watanawa kwa birika moja. "Kule wagombane," alisema, "hapa wanakula." Ilikuwa ile miaka ya foleni, sabuni inakatwa vipande, sukari inasikika kwa jina tu, lakini ziwa halikuwa na foleni. Ugali wa muhogo ulikuwapo, mgebuka mkavu wa ziwani uliochemshwa kwa mawese ulikuwapo, na sombe ya Mama Mkubwa, kile kisamvu chake, iliwafanya hata waliotoka kushindwa kesi waombe kuongezewa.

Nilifika pale na akili niliyotoka nayo shuleni, kwamba anayekwenda mahakamani ni mgomvi au ni mwenye tamaa. Aliyeanza kunitoa ujinga huo ni Mzee Bitaliho, mkulima wa kahawa kutoka Kalinzi, aliyekuwa amemshitaki rafiki yake wa zamani kwa sababu ya jembe. Rafiki huyo alihama milimani akaja kuishi Ujiji, akaja na jembe la Mzee Bitaliho. Basi mzee anateremka kutoka Kalinzi, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya magunia kwenye lori, anafika amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, anasalimia ukumbi mzima kwa Kiha, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, hata kama jua limeshapinduka. Siku moja nikimwekea sahani nilishindwa kujizuia.

"Shikamoo, Mzee. Safari yote hii ni ya jembe tu?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ego, jembe tu. Na lenyewe limekwisha, limebaki kama kijiko."

"Sasa si ungeliacha?"

Akaweka tonge chini. "Yule anawaambia watu kwamba nilimpa. Mimi sikumpa, nilimwazima. Nikinyamaza, mimi ni mtu gani? Mtu asiyejua alichotoa na alichoazimisha? Nataka aulizwe. Wakimuuliza mbele ya watu, atasema."

Aliulizwa. Sikuwapo siku hiyo, lakini waliotoka mahakamani walikuja wakasimulia huku wakigonga meza kwa kicheko. Yule rafiki alizunguka na maneno mpaka yakamwishia, mwishowe akasema, "Aliniazima." Hapo Mzee Bitaliho akasimama, akalichukua lile jembe kutoka mezani kwa karani, akamkabidhi rafiki yake kwa mikono miwili, akasema, "Sasa nimekupa." Jioni walikula sahani moja kwetu, na Mama Mkubwa akawaongezea mgebuka mmoja bila kuombwa. Mimi nilikaa jikoni nikawa nalifikiria neno lile, aulizwe. Nilianza kulisikia kila mahali. Mvuvi wa Katonga aliyemshitaki mwenzake kwa kumwita mtu wa nuksi anayefukuza dagaa, naye hakutaka fidia, alitaka mwenzake aulizwe ni dagaa gani huyo aliyemwambia. Wengi walikuwa hivyo. Walikuwa na swali, walilipeleka kwa mhusika akalikwepa, wakalipeleka kwa wazee likafunikwa, na badala ya kunoa panga au kwenda kwa mganga, wakapanda lori wakalileta mahali ambapo mtu hawezi kuulizwa akaondoka. Siku hizi mtu akikasirika anaandika kwenye simu, matusi yanazunguka mji mzima kabla chai haijapoa, na hakuna aliyeulizwa wala aliyejibu. Nawaheshimu sana wale watu. Anayeshitaki bado hajawakatia wenzake tamaa.

Bi Tatu alikuja kwetu wiki moja baada ya harusi ya binti mmoja wa mtaa wa pili, Zaituni, akiwa na mkoba mmoja na birika lake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mikono imekomaa kwa kukausha samaki, na tabia yake ya kuongea ilikuwa ya kumtazama mtu mpaka amalize. Alimwomba Mama Mkubwa kitanda. Mama Mkubwa akashangaa, maana Bi Tatu aliishi mtaa wa pili tu, kwa wifi yake Bi Hadija. "Ndiyo maana nimekuja," alisema. "Nakwenda kumshitaki. Siwezi kulala chini ya bati lake, nikala chumvi yake, halafu asubuhi nikamshitaki. Si adabu." Vyumba vilikuwa vimejaa, akawekwa kwangu. Hivyo ndivyo nilivyolala chumba kimoja na shauri lililougawa mji.

Habari yake kila mtu mzima wa Ujiji aliijua, ila hakuna aliyeisema. Alipokuwa msichana aliolewa, akazaa mtoto mmoja, Zaituni, na mume akafariki mapema. Alikuwa akifanya biashara ya vitenge kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, na safari moja alimwacha mtoto kwa Bi Hadija, dada wa marehemu mumewe, kwa sababu mtoto alikuwa ndio kwanza ameachishwa kunyonya na ziwa lilikuwa na mawimbi. Machafuko yakamkuta huko. Boti zikasimama, barua zikasimama, yeye akasukumwa na wakimbizi ndani ya misitu ya ng'ambo mbali na ufuo, na alipopata njia ya kurudi mtoto alikuwa anasoma shule, ana meno ya utu uzima, na anamwita Bi Hadija mama. Bi Hadija hakuwa na mtoto mwingine. Alimpokea wifi yake kwa machozi, akampa chumba, akamwambia mtoto, "Msalimie Da Tatu, ndugu yetu alikuwa safari." Bi Tatu akakubali. Aliniambia tukiwa tunachambua mchele uani, "Nilimwona mtoto amenikimbia, amejificha nyuma ya kanga ya yule. Nikasema, asichanganywe. Atakuwa mkubwa, ataambiwa." Mtoto akawa mkubwa. Mji mzima ukamwita Bi Hadija Mama Zaituni, kama desturi yetu ya kumwita mwanamke kwa mwanawe, na Bi Tatu akabaki Bi Tatu.

Kisha ikaja harusi. Hapa lazima nieleze mkaja, kwa maana vijana wa sasa wanaupokea ndani ya bahasha na hawajui ni kitu gani. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi. Binti yake anapoolewa, upande wa bwana harusi unamletea mama huyo nguo, nayo inaitwa mkaja, shukrani kwa tumbo lililobeba. Watu wa bwana harusi walitoka Kigoma mjini, hawakujua chochote kuhusu nyumba ile. Wakaingia uani na sinia, vigelegele, kitenge kipya cha buluu chenye maua ya njano kimekunjwa juu yake, na mkubwa wao akapaza sauti, "Mama Zaituni yuko wapi? Mkaja wake huu!" Bi Tatu alikuwa jikoni anageuza pilau. "Nikaweka mwiko chini," aliniambia. "Nikafuta mikono. Wallahi, Rehema, nilipiga hatua. Nilisema leo ndiyo leo, tumbo ni tumbo, hili halifichiki. Nikaona wifi ameshasimama." Nikamuuliza akafanya nini. "Ningefanya nini? Nikarudi kwenye pilau. Ingeungua."

Nilikuwa nampelekea karani chai asubuhi Bi Tatu alipokwenda kufungua shauri, kwa hiyo mazungumzo yale niliyasikia kwa masikio yangu, birika mkononi. Karani alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependa mambo yaende haraka.

"Wewe ndiye mdai?" akamuuliza.

"Simdai mtu. Tangu nizaliwe sijamdai mtu."

"Hapa tunasema hivyo, mama. Anayeleta shauri ni mdai."

"Basi andika vingine. Nikipita mtaani wakisema mdai yule, watafikiri nazungukia watu milangoni."

Karani akaweka kalamu chini. "Haya. Unamshitaki nani, kwa kosa gani?"

"Simshitaki, namuuliza."

"Mama, mahakama haiulizwi, mahakama inauliza."

"Hilo ndilo nililolifuata," akasema Bi Tatu. "Imuulize."

Mwishowe wakaelewana kwamba anadai kitenge kimoja, kwa kuwa bila kitu cha kudai shauri halifunguki. Hapo ndipo lilipozaliwa lile kosa lililomfuata mpaka kaburini. Miaka ile nguo ilikuwa adimu kweli, watu walizikwa kwa shuka za kuazima, kwa hiyo mji uliposikia kwamba Bi Tatu anadai kitenge, mji haukuhitaji maelezo zaidi. Ukasema tamaa. Ukasema kulea amelelewa mtoto, sasa anataka na nguo. Benchi la dirishani likagawanyika. Upande mmoja ulisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Upande wa pili ukajibu uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na kwa kuwa methali zote mbili ni za kweli, hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake, wakabaki wanarushiana hizo hizo mbili kutwa nzima kama watoto wanaorushiana mpira, mpaka Mama Mkubwa akapiga meza kwa mwiko akasema atakayetaja methali nyingine atalipa chai ya wote.

Wenyewe wawili hawakutukanana hata siku moja. Asubuhi Bi Hadija alipita mbele ya hoteli akienda sokoni, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa pole, na Bi Tatu aliyekuwa akimenya mihogo barazani alisimama kila mara.

"Umeamkaje, wifi?"

"Nimeamka salama, wifi. Mgongo wako?"

"Unapoa."

Siku za kusikilizwa walivuka barabara karibu karibu, mmoja akamsubiri mwenzake gari la mkaa lipite. Watu walisema ni unafiki. Mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na mmoja wao, nilijua si unafiki. Bi Tatu alipoomba dua baada ya sala ya jioni alimtaja Hadija kabla ya kujitaja mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini, nikiwa na ujeuri wa wasichana waliosoma. Akasema, "Kwa sababu mtoto yu hai. Nilimwacha kwa mtu, nikamkuta. Wangapi waliacha wakakuta?" Nikamuuliza basi shauri la nini. Akajibu, "Nikimshukuru, namshukuru kama nani? Shukrani ina mwenyewe. Mpaka niwe nimezaa ndipo ninaweza kumwambia ahsante kwa kunilelea."

Aliyeumia zaidi, nadhani, ni Zaituni. Alikuja alasiri moja, bibi harusi mpya, hina bado iko mikononi, akaingia chumbani kwetu bila kujua kwamba niko nyuma ya pazia napanga nguo. Sikuwa na mahali pa kutokea. Akasema, "Da Tatu, unaniaibisha. Wakwe zangu wanacheka. Kama ni nguo, nitamwambia mume wangu akutafutie vitenge viwili, ng'ambo vipo, hata vitatu. Acha hii kesi."

"Mkaja haununuliwi, mwanangu. Ukininunulia wewe, itakuwa nguo."

"Mimi nifanye nini? Yule ndiye aliyenibeba mgongoni. Nikiugua alikesha yeye. Unataka nimwambie nini?"

"Wewe sijakuuliza," akasema Bi Tatu, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Sitakuuliza kamwe. Mtoto haulizwi mama yake ni yupi. Ndiyo maana swali nimelipeleka kwa wakubwa." Zaituni akalia. Bi Tatu alinyoosha mkono, ukafika karibu na bega lake, ukarudi. Nilikaa nyuma ya lile pazia nikang'ata kanga. Nimeona mengi katika maisha yangu ya ualimu, wazazi na watoto wao, lakini mkono ule uliorudi sijausahau.

Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena. Hakimu alikuwa kijana kutoka mikoa ya kusini, mpole, kwao hakuna mkaja, na alitaka kuelewa kabla ya kusema, jambo ambalo wengine waliliona udhaifu, mimi nililiona heshima. Wazee wa baraza, wale wawili wanaokaa naye kumshauri, walimweleza desturi. Mmoja wao, mzee aliyependa kumaliza mambo kabla ya adhuhuri, akapendekeza kitenge kikatwe katikati, kila mwanamke achukue nusu yake, watu waende wakale. Bi Tatu hakungoja ruhusa. "Mimi sikuzaa nusu," alisema. Chumba kizima kikashangilia, hata waliokuwa upande wa Bi Hadija, na hakimu akagonga meza huku akificha mdomo kwa kiganja.

Siku ya mwisho Mama Mkubwa alifunga hoteli, jambo ambalo hakulifanya hata kwa Idi. Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kina harufu ya karatasi za zamani na jasho, na mle ndani hakuna aliyekuwa mama wa mtu, kila mmoja aliitwa kwa jina la baba yake, Tatu binti fulani, Hadija binti fulani. Kitenge kilikuwa juu ya meza, bado kimekunjwa kama kilivyotoka kwenye sinia. Bi Hadija hakuwa amekishona. Katika mahakama ya mwanzo wakati ule hapakuwa na wakili, mtu alimuuliza mwenzake mwenyewe, na hakimu alipomwambia Bi Tatu kwamba sasa anaweza kumuuliza mdaiwa maswali, alisimama akashika ukingo wa meza.

"Wifi, nina swali moja. Ule mkaja waliouleta, ni wa tumbo lipi?"

Bi Hadija alitazama chini. "Nilimbeba kwa mbeleko," akasema. "Mgongo ni huu. Mtoto alikuwa na surua, na homa, na kukohoa, mgongo ni huu huu."

"Mgongo naujua. Mungu aulipe, mimi siwezi. Sijauliza mgongo."

"Alipoanza shule nilimshika mkono mimi."

"Na mkono naujua. Nimeuliza tumbo."

Mtu mmoja dirishani akaguna. Hakimu akasema kwa upole, "Mama, jibu swali." Bi Hadija akainua uso. Alikuwa na uso wa mviringo, wa mtu aliyezoea kuwatuliza wengine, na ulikuwa umelowa machozi kabla hajafungua mdomo. "Ni la kwako, Tatu," akasema. "Mimi sikujaaliwa tumbo. Mungu hakunipa hata la kuharibika. Nilipewa yule, nikaitwa mama, nikaona kama nimepewa na tumbo lake. Siku ile waliposema Mama Zaituni yuko wapi, miguu ilisimama yenyewe."

Mji mzima ulijua kwamba Bi Hadija alikuwa tasa, na kwa miaka yote ile haukuwahi kulitamka, ulidhani unamsitiri. Sasa alikuwa amelitamka mwenyewe, mbele ya wanaume, mbele ya wakwe, kwa sababu aliulizwa na hakutaka kusema uongo. Mimi niliyekuwa nimemshabikia Bi Tatu mwaka mzima nilijikuta namlilia mwenzake. Nilijifunza hapo kwamba shauri zuri linahitaji watu wawili mashujaa, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kujibu, na kwamba wa pili ndiye adimu zaidi. Bi Tatu naye alikuwa analia. Akamgeukia hakimu. "Basi, Mheshimiwa. Nimejibiwa. Sina swali jingine."

Hakimu alishauriana na wazee wake, kisha akatoa hukumu pale pale. Alisema mkaja ni zawadi. Aliyeutoa hajalalamika, aliyeupokea hakuuiba, na mahakama haina uwezo wa kumnyang'anya mtu zawadi aliyopewa mbele ya watu. Kitenge ni cha mdaiwa. Madai ya Tatu binti fulani yametupwa. Kisheria Bi Tatu alishindwa, na waliopenda kuhesabu ushindi kwa hukumu wakaondoka na neno hilo, ndilo hilo lililofika mpaka msibani kwake, limechakaa lakini halijafa.

Kule kwetu aliyeshinda shauri ndiye hutoka kwanza. Watu wake humtangulia mlangoni, wanawake wanapiga vigelegele, na aliyeshindwa husubiri mpaka kelele zimefika barabarani ndipo anajitokeza kimya kimya. Jamaa za Bi Hadija walikuwa wameshajipanga pande mbili za mlango, mmoja ameshakifungua kitenge na kukipeperusha, na kigelegele cha kwanza kilikuwa kimeanza. Bi Hadija akainua mkono. Kikakatika. Akaenda mpaka kizingitini, kila mtu akadhani anatoka, lakini akasimama pembeni, mgongo ukutani, mlango ukabaki wazi na jua linaingia. Bi Tatu alikuwa ndani bado, karibu na meza, anatafuta pembe ya kanga ya kufutia uso.

"Pita," Bi Hadija akamwambia. "Tangulia wewe, Mama Zaituni."

Bi Tatu aligeuka akatazama nyuma, aone anayeitwa ni nani. Nyuma yake hapakuwa na mtu.